Mwenye Fedha Hupita, Mfanyakazi Hungoja

Iko foleni katika nchi ya Uingereza isiyoonekana kwa macho. Hakuna watu waliosimama barabarani, wala hakuna askari wa kuwapanga. Watu wake wamo makazini mwao. Wanaendesha mabasi, wanafagia hospitali, wanahesabu mizigo maghalani, na kila mmoja anangoja barua. Barua hiyo itamwita mbele ya mtaalamu, naye mtaalamu atamwambia kama mambo yaliyomsumbua tangu utoto yana jina au hayana. Kwa hesabu iliyotolewa na wakuu wa afya wa nchi hiyo Mei 2025, waliokuwa wakingoja kupimwa hali iitwayo ADHD mwishoni mwa Machi mwaka huo, wakubwa kwa wadogo, waliweza kufika 549,000. Mwaka mmoja nyuma walikuwa 416,000. Katika hao wa 2025, kadiri ya 304,000 walikwisha kungoja mwaka mzima au zaidi, na 144,000 walikwisha kungoja miaka miwili au zaidi. Wanaongoja kupimwa usonji wana foleni yao nyingine: Desemba 2024 walikuwa yapata 224,000, na karibu tisa katika kila kumi walikuwa wamepita wiki kumi na tatu, ambao ndio muda uliowekwa na wataalamu wa nchi hiyo hiyo kuwa mwisho wa kungoja.

Yafaa tueleze kwanza tunazungumza habari ya nini. ADHD ni hali ya akili kutotulia mahali pamoja. Mtu huanza kazi tano asimalize hata moja, husahau miadi, hupoteza funguo, hukatiza maneno ya wenzake, au hukaa na fomu ya kodi mezani miezi mitatu, si kwa uvivu, maana usiku halali kwa kuifikiria. Usonji ni namna nyingine ya kuzaliwa nayo: mtu huona shida kusoma nyuso na maneno ya mafumbo, huumizwa na kelele au mwanga ambao wenzake hawausikii wala kuuona, naye hushikilia utaratibu wake, kwa kuwa ukivunjika siku yake yote huvunjika. Hali hizi mbili si wazimu, na wengi wanazo zote mbili kwa pamoja. Hata hivyo hadi 2013 kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani, kinachofuatwa na wengi duniani, hakikuruhusu mtu mmoja apewe majina yote mawili.

Wasomaji watatuuliza, foleni ya Mwingereza yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu ndugu zetu wamo ndani yake. Kenya ilitia sahihi mapatano na Uingereza Julai 2021 ya kupeleka wauguzi kule. Na kabla ya hapo na baada yake, watu wa Mombasa, Dar es Salaam, Unguja na Bukavu wamekwenda kwa njia zao wenyewe, wakatunza wazee, wakaendesha teksi, wakasoma vyuoni. Anayeomba viza ya kazi za kawaida hutozwa ada ya matibabu kabla hajakanyaga nchi ile: tangu Februari 2024 ada hiyo ni paundi 1,035 kwa kila mwaka wa viza. Mwenye viza ya miaka mitano alipa paundi 5,175 kwa mkupuo. Wauguzi na wengine wenye viza za kazi ya afya wamesamehewa. Lakini aliyelipa na aliyesamehewa, wakiisha kufika, huingia foleni ile ile moja.

Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza, ambayo wenyewe huiita kwa herufi tatu NHS, ilianzishwa tarehe 5 Julai 1948. Waziri aliyeijenga alikuwa Aneurin Bevan, mwana wa mchimba makaa wa Wales, ambaye mwenyewe aliingia shimoni akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Msingi wake ulikuwa kwamba mgonjwa atibiwe bila kuulizwa ana fedha au hana. Haikupita miaka mitatu serikali ya chama chake mwenyewe ikataka watu wachangie bei ya miwani na meno ya bandia. Bevan akajiuzulu Aprili 1951. Wako waliomcheka wakati ule, wakasema mtu hawezi kuacha uwaziri kwa ajili ya meno. Sisi twaona aliona mbali. Alijua kwamba bei ikiisha kuingia mlangoni, hata ikiwa ndogo, haitatoka tena, na tena itajifunza njia nyingine za kuingia.

Njia mojawapo ndiyo hii tunayoieleza. Kupimwa ADHD au usonji katika NHS hakuna malipo hata peni moja. Jambo hili ni kweli, nasi hatulipingi. Bali muda nao ni bei. Mwenye paundi elfu moja na mia mbili atapiga simu kliniki ya kulipia leo, naye aweza kupimwa baada ya wiki chache. Asiye nazo atalipa kwa miaka, na katika miaka hiyo aweza kupoteza kazi mbili, na ndoa, na leseni ya biashara ndogo aliyosahau kuilipia.

Tuufuate utaratibu hatua kwa hatua, maana wengi huogopa wasilolijua. Mtu mzima huanza kwa daktari wa mtaa wake. Huyo humpa fomu ya maswali. Ile ya ADHD ina maswali kumi na nane, na sita ya kwanza ndiyo ya kuchuja. Ilitungwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani. Ile fupi ya usonji ina maswali kumi, na apataye alama sita au zaidi yafaa apelekwe mbele. Fomu hizi hazimpi mtu jina lolote, ni chekecheke tu. Daktari wa mtaa hana idhini ya kukata shauri. Kazi yake ni kuandika barua ya rufaa. Hapo ndipo foleni inapoanza.

Zamu ikifika, mtaalamu wa ADHD hukaa na mtu saa moja, mbili, hata tatu. Si kipimo cha damu wala cha picha. Hakuna mashine duniani inayoitambua hali hii. Ni mazungumzo. Kwa kanuni za 2013, mtu mzima atakiwa awe na dalili tano au zaidi katika fungu mojawapo kati ya mawili, la kukosa umakini au la kutotulia. Dalili kadhaa ziwe zilikuwapo kabla ya umri wa miaka kumi na miwili. Zionekane mahali zaidi ya pamoja, yaani si kazini tu wala si nyumbani tu. Na ziwe zimemletea madhara ya kweli. Upimaji wa usonji huwa na watu zaidi ya mmoja, nao huweza kuwa na zoezi la kutazama: mtu apewa kitabu cha picha kisicho na maneno asimulie hadithi, huku mtaalamu akiangalia sauti yake, mikono yake, na macho yake.

Twasimama kidogo hapa, kwa kuwa ndipo mtu wa kwetu anapokwama.

Mtaalamu atataka ushahidi wa utoto. Kijana wa Kiingereza atatoa sandukuni ripoti za shule ya msingi, ambamo mwalimu ameandika nusu ukurasa jinsi mtoto huyu anavyotazama dirishani. Ripoti za shule zetu nyingi zilisema nini? Wa thelathini na nane katika arobaini na watano, aongeze bidii. Basi. Mtoto aliyekuwa akiruka ruka katika darasa la watoto themanini hakuandikwa popote, alichapwa tu, akatulia kwa dakika kumi. Na yule msichana aliyekaa kimya nyuma ya darasa huku fikira zake ziko mbali, huyo hata kuchapwa hakuchapwa, akapita miaka saba bila mtu kumwona. Karatasi zenyewe zimeliwa na mchwa, au zilibaki katika nyumba iliyohamwa.

Basi mtaalamu atasema, tumtafute mama. Mama yuko Tanga, ana miaka sabini, amezaa saba na kulea wa wengine wanne. Sasa simu inapigwa kutoka Leicester aulizwe kama mwanawe wa tatu alianza lini kuonyesha vitu kwa kidole, na kama alikuwa akicheza mchezo wa kujifanya mama au dereva. Mama atajibu nini? Atasema alikuwa mtoto mzuri, hakuwa na matata. Atasema hivyo kwa sababu ndivyo mzazi anavyosema mbele ya mgeni, na pia kwa sababu neno usonji wazee wengi hawakulisikia katika ujana wao, nao wanadhani wanaulizwa kama wamezaa mwendawazimu. Jibu hilo la upendo laweza kumpotezea mwanawe shauri. Kwa hiyo twawashauri walioko kule wazungumze na wazee wao kwa utaratibu kabla ya siku ya simu; wasiwafundishe la kusema, wawaeleze tu kwamba ukweli hautamdhuru mtu. Shangazi au kaka mkubwa aweza kushuhudia pia. Na mkalimani akihitajika, NHS humleta bila malipo. Si lazima mtu atafsiriwe na mtoto wake.

Liko tena jambo la macho. Mtoto aliyelelewa vizuri kwetu hamkodolei macho mkubwa wake anaposemezwa. Huinamisha uso, na hiyo ndiyo adabu. Mbele ya mpimaji asiyejua desturi hii, adabu yaweza kuandikwa kuwa dalili. Kinyume chake nacho hutokea, na huenda ndicho kibaya zaidi: mtu mwenye usonji wa kweli ahesabiwe kuwa ni mpole tu wa Kiafrika, arudishwe nyumbani. Ni haki ya mpimwaji kuyasema haya waziwazi chumbani mle, na mtaalamu mwema atashukuru.

Sasa tuje kwa wale wasiongoja. Kliniki za kulipia hutoza aghalabu kati ya paundi 700 na 1,500 kwa uchunguzi wa ADHD, na wa usonji huweza kupita 2,000. Tuchukue 1,200. Kima cha chini cha mshahara kwa wenye umri wa miaka ishirini na moja na zaidi kilikuwa paundi 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025. Gawanya: ni saa tisini na nane za kazi, karibu wiki mbili na nusu, kabla ya kodi ya serikali, kabla ya pango, kabla ya nauli, na kabla ya fedha za ada zinazongojwa na wadogo zake huku nyumbani.

Na malipo hayo ni ya kupewa jina tu. Akiisha kuitwa mwenye ADHD, na akitaka dawa, yampasa apimwe moyo na shinikizo la damu, kisha aanze kwa kiasi kidogo na kupandishwa taratibu wiki baada ya wiki mpaka kipimo kimfae. Katika muda huo kila kuonana na mtaalamu kuna bei yake, na dawa yenyewe hununuliwa kwa bei kamili, hata jumla kwa mwezi yaweza kupita paundi mia moja. Dawa hiyo hiyo kwa cheti cha NHS ilikuwa paundi 9.90 mwaka 2025. Na huko Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini cheti hakilipiwi kabisa.

Hapo mtu atasema: basi nikiisha kupimwa kwa fedha zangu, daktari wa mtaa aendelee kuniandikia dawa kwa bei ya NHS. Ndivyo wengi wanavyotumaini, na baadhi hupata. Lakini kuchukua mzigo huo kutoka kliniki ya kulipia ni hiari ya daktari wa mtaa. Aweza kukataa, na wako wengi waliokataa, wakisema hawaiamini karatasi ile au hawana nguvu za kazi hiyo. Hivyo mfanyakazi aliyekopa akalipa elfu moja na mia mbili hujikuta mlangoni pa foleni ile ile aliyoikimbia, akiwa na jina mkononi na hana dawa. Twasema kwa nguvu: asilipe mtu hata senti moja kabla hajamwuliza daktari wake wa mtaa, tena kwa maandishi, kama ataikubali karatasi ya kliniki anayokusudia kwenda.

Si kwamba madaktari hao hawana sababu kabisa. Mei 2023 shirika la utangazaji BBC lilionyesha habari ya mwandishi wake aliyekwenda kwa siri kupimwa kwa njia ya video katika kliniki tatu za kulipia. Zote tatu zikamwambia ana ADHD. Mtaalamu wa NHS alikuwa amemchunguza uso kwa uso zaidi ya saa tatu, akamwona hana. Hapana shaka ziko kliniki za kulipia zenye watu waaminifu na hodari. Lakini jambo linapouzwa, na mnunuzi ametoa akiba yake yote, ni vigumu muuzaji kumwambia kwamba alichokuja kununua hakipo.

Iko njia ya tatu isiyojulikana na wengi. Katika Uingereza yenyewe, bila zile nchi nyingine tatu tulizozitaja, sheria humpa mgonjwa haki ya kuchagua: akiisha kukubaliwa rufaa na daktari wa mtaa, aweza kuomba apelekwe kwa mtoa huduma mwingine popote nchini mwenye mkataba na NHS, na NHS ikalipa. Foleni za hao aghalabu zilikuwa fupi kuliko za hospitali ya wilaya. Ndiyo sababu watu walizikimbilia, nazo zikaanza kurefuka. Na mwaka 2025 baadhi ya bodi za afya za mikoa zilianza kuweka kikomo cha watu watakaolipiwa. Bado yafaa kuuliza. Lakini kuuliza kwenyewe kwahitaji mtu anayejua kusoma kanuni, kuandika barua na kufuatilia bila kusahau, na kusahau ndiko kunakomsumbua huyu tunayemzungumza! Mwenye akili iliyotulia ndiye aliyeundiwa ngazi hii.

Wako wasemao kwamba haya yote ni mtindo wa siku hizi, kwamba zamani hawakuwapo watu hawa. Walikuwapo. Leo Kanner aliandika juu ya watoto wenye usonji 1943, na Hans Asperger 1944. Lakini kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ni hali ya utotoni, tena ya wavulana. Miongozo ya taifa ya Uingereza haikuitambua ADHD ya watu wazima mpaka 2008. Mtu wa miaka arobaini na mitano aliyeko foleni leo alikuwa shuleni wakati mlango wake ulipokuwa haujatobolewa ukutani. Tume ya ADHD iliyoundwa na NHS 2024 ilisema hali hii haitambuliwi vya kutosha wala kutibiwa vya kutosha. Ni kweli pia kwamba Desemba 2025 serikali iliagiza uchunguzi wa kujitegemea juu ya sababu za kuongezeka kwa wanaotaka kupimwa. Nasi hatuupingi uchunguzi. Twapinga tu watu kuambiwa wangoje uchunguzi juu ya uchunguzi.

Kwa upande wa usonji, liko la kusikitisha zaidi. Hakuna dawa ya usonji wenyewe. Baada ya kungoja kote huko, watu wazima wengi hukabidhiwa ripoti ya kurasa kadhaa na orodha ya vitabu, kisha huambiwa kwaheri. Ndiyo, wako wanaosema kwamba ripoti ile peke yake iliwaondolea aibu ya miaka thelathini, nasi twawaamini. Ila aibu ikiisha kuondoka, kelele za ghalani bado ziko pale pale.

Na hapa ndipo twataka wafanyakazi watusikilize sana. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya 2010 haimtaki mfanyakazi aonyeshe karatasi ya mtaalamu ili alindwe. Yataka shida iwe ya kweli, iwe kubwa katika maisha yake ya kila siku, na iwe imedumu au itadumu miezi kumi na miwili au zaidi. Mwajiri ajuaye hivyo, au ambaye ilimpasa ajue, ana wajibu wa kurekebisha mambo kwa kadiri inavyowezekana. Mfuko wa serikali unaosaidia walemavu kazini, uitwao Access to Work, nao hauhitaji karatasi hiyo. Lakini waajiri wengi, na hata viongozi wengine wa vyama vya wafanyakazi, humwambia mtu: ulete kwanza barua ya daktari. Kwa kusema hivyo wanaigeuza foleni ya NHS kuwa ukuta wa kiwanda, nao mwajiri anapata miaka mitatu ya kutofanya lolote.

Marekebisho yenyewe mengi hayana gharama ya kutisha. Maagizo yaandikwe badala ya kutamkwa kwa haraka mlangoni. Meza iondolewe karibu na mashine inayolia. Ruhusa ya kuvaa vizuia kelele masikioni. Zamu isibadilishwe usiku wa kuamkia siku yenyewe. Kazi kubwa igawanywe, na kila sehemu iwe na siku yake ya kumalizika.

Aliyeko foleni leo aweza kuandika barua leo. Aseme ni shida gani, imeanza lini, inamzuia kufanya nini, na anaomba nini; ataje kwamba ana rufaa ya hospitali na tarehe yake; aitaje Sheria ya Usawa kwa jina lake; nakala moja aiweke nyumbani na nyingine ampe mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi, aandike tarehe aliyoipeleka. Akijua kwamba ataisahau mezani, amwombe mwenzake waende pamoja kuipeleka.